Maswali Yenu: Pivoti Ikizunguka, Ndege Wanashuka

Kila ikikaribia miezi ya baridi, barua za ndege huzidi barua za mbuzi na mabomba. Toleo hili nimeziacha za mbuzi pembeni. Kwa msomaji mpya: mimi si mtaalamu wa skuli. Nilikuwa fundi wa pampu kwenye mashamba ya majani ya mifugo huko Najd, lile jangwa lililo nyuma ya milima ya Dhofar, kusini mwa Omani. Fundi wa pampu kazi yake ni kuamka kabla ya jua na kushinda karibu na maji. Ndege nao ndiyo kazi yao hiyo hiyo, kwa hiyo tulizoeana.

*Asalaam aleikum Ami. Sisi ni familia ya Al Khoudh, Maskati, na likizo ya Desemba tunashuka Salalah kwa gari. Mume wangu ananicheka, anasema jangwani hakuna ndege ila kunguru. Wewe toleo lililopita uliandika kwamba Najd inajaa ndege wakati wa baridi. Tukatazame wapi, saa ngapi, na kuingia mashambani tunaruhusiwa?*
— Mama wa Watatu

Waaleikum salaam bibi. Mwambie bwana hajakosea sana. Mkishapita mji wa Adam, barabara inanyooka mpaka Haima na kuendelea, changarawe kulia, changarawe kushoto, na ndege mtakayemwona ni kunguru wa jangwani mwenye shingo ya kahawia, tena naye ana haraka zake. Watoto watalala. Waacheni walale mpaka Qatbit. Pale pana nyumba ya wageni na miti michache, na kwa kuwa ndicho kijani pekee kwa masafa marefu, kila ndege aliyechoka hushuka hapo. Watazamaji wa ndege kutoka Ulaya wanapajua kuliko sisi wenyewe. Kunyweni chai, zungukeni miti polepole, tazameni chini ya matawi kwanza kabla ya juu.

Mashamba yenyewe yako mbele zaidi. Kabla ya kufika Thumrait kuna njia ya kukata magharibi kwenda Shisr, pale penye magofu yaliyoingizwa mwaka 2000 katika Urithi wa Dunia pamoja na maeneo mengine ya ubani. Upande huo ndipo penye miduara ya kijani. Kila mduara una kisima katikati na mkono mrefu wa bomba unaotembea juu ya magurudumu, ukizunguka kisima na kumwaga maji. Sisi tukiuita pivoti. Majani yanayolimwa ni alfalfa, ambayo Waomani wanaiita gati, na nyasi za Rhodes, ambazo asili yake ni Afrika, kwetu huko. Ukitoka kwenye changarawe kavu ukaingia mduara mmoja, hatua moja tu, hewa inabadilika. Inanukia majani mabichi na tope.

Kuingia: mashamba ni ya watu, na mengine yanalisha ng'ombe wa maziwa, hawataki magurudumu ya mgeni yawaletee maradhi. Simameni getini, salimieni, mwombeni msimamizi. Wengi wao ni watu wazuri na wamechoka kuona sura zile zile. Gari liacheni ukingoni, msikanyage majani, na mwambieni baba watoto asipige honi ili ndege waruke apate picha.

Saa: jua la Desemba linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu. Muwe mmeshafika. Mpaka saa tatu asubuhi kazi kubwa imekwisha, kisha mrudi kuanzia saa kumi jioni.

Sasa lile muhimu kuliko yote. Msiulize "ndege wako wapi". Msimamizi hajui wala hajali. Muulizeni: leo mnakata wapi, na mnamwagilia wapi? Akishawajibu, nendeni hapo hapo. Shamba linaweza kuwa na miduara mingi na yote ikawa mitupu isipokuwa mmoja. Mashine ya kukata inapopita, panzi, viwavi na nyenje wanabaki bila paa. Maji yanapoingia kwenye nyufa, wadudu wa chini wanapanda juu kukimbia kuzama. Ndege hawaji kwa ajili ya uzuri wa kijani, wanakuja kwa ajili ya fujo hiyo.

Mfano. Gurudumu la pivoti linaacha mfereji wa tope nyuma yake, upana wa viatu viwili, umejaa maji. Simameni hatua kama ishirini kutoka hapo na msitikisike. Vitakuja vindege vyembamba vya mkia mrefu usiotulia, vingine vyeupe na kijivu, vingine vya manjano. Kinakimbia pembeni ya maji, kinasimama, mkia juu chini juu chini, kinaruka kidole kimoja kutoka ardhini, kinafunga mdomo juu ya nzi, kinashuka. Mkono wa pivoti unasogea, nao wanasogea nao. Juu ya bomba lenyewe, pale linapodondosha matone, mtaona mbayuwayu wamejipanga, na mmoja mmoja anashuka kupita chini ya mvua ile ya mtambo akiwa mdomo wazi. Hapo mume wako utamwuliza tena habari ya kunguru.

*Ami, mimi ni mwalimu Buraimi. Napenda kujua wageni hawa wanafika kwa mpango gani. Wote pamoja, au kila kabila na zamu yake?*
— Mwalimu

Zamu zipo, ila zinapandana.

Wa mwanzo wanaonekana joto bado kali, mwisho wa Agosti na Septemba. Hao wengi ni wapita njia. Keremkerem wa Ulaya wanapita juu wakiitana, na wale ndege wa buluu wakubwa wa Ulaya wanaokaa juu ya nyaya wanapumzika siku mbili tatu kisha wanaendelea Afrika. Ninyi wa Batina, ile pwani ya kaskazini mwa Omani, msiwachanganye na wale wa buluu wa Kihindi ambao ni wenyeji, wako mwaka mzima juu ya nguzo zenu. Miezi hiyo hiyo anaanza kufika yule ndege wa rangi ya mchanga, kiuno cheupe, anayesimama wima juu ya donge la udongo kama askari wa zamu. Kitaalamu *Oenanthe isabellina*. Nduguye wa jangwani, *Oenanthe deserti*, mkia wake mweusi mpaka juu. Hawa wanabaki. Kila mmoja anajipimia kipande chake cha ukingo, na ole wake jirani atakayevuka.

Oktoba ndio mwezi wangu. Mbwigu wanakamata seng'enge za uzio. Mbwigu ni ndege mdogo mwenye roho ya mwewe. Mjusi anayemshinda kumaliza anamchoma kwenye mwiba wa seng'enge, anarudi baadaye. Tukikagua uzio tulikuta vichwa vya mijusi vimekauka, na vijana wageni walidhani ni uganga. Oktoba pia wanaingia wale vipanga wa mabawa marefu wanaopeperuka chini chini juu ya majani, wanageuka, wanarudi mstari mwingine, mpaka shamba zima limepekuliwa. Dume wa aina ya *Circus macrourus* ni mweupe hivi kijivu, ncha za bawa nyeusi. Ukimwona mara moja hutamsahau, na huyo naye hayuko salama duniani.

Novemba na Desemba wanakuja wazito: tai wa nyika kutoka Asia ya Kati, tai madoa wakubwa, korongo weupe, na makundi ya vindege vya mchanga ambavyo huvioni mpaka virushwe na kivuli cha tai. Hawa wanakaa mpaka Februari au Machi.

Mwalimu, waeleze wanafunzi jambo moja linalowachanganya wengi. Ndege wadogo wengi husafiri usiku. Kwa hiyo jioni unaacha mduara mtupu, asubuhi unakuta umejaa, na mtu anaapa kwamba jana hawakuwepo. Anasema kweli. Usiku kuna ubaridi, upepo umetulia, na maadui ni wachache. Alfajiri wakiona kijani katikati ya changarawe, wanashuka.

*Shikamoo Ami. Mimi niko Makunduchi, Unguja. Kaka yangu anafanya kazi Sohar na ananitumia picha za ndege wa huko kwenye simu. Wengine nahisi nimewaona hapa kwetu. Inawezekana ni wale wale?*
— Dada wa Sohar

Marahaba mwanangu. Inawezekana, na kwa baadhi yao ni hakika kwamba ni jamii hiyo hiyo, safari hiyo hiyo, ila mmoja ameteremka kituo cha kati na mwingine amepanda mpaka mwisho.

Mbayuwayu wa kidevu chekundu mnao. Vile vindege vya manjano vya mkia mrefu mnavyo pia. Bara Kenya na Tanganyika utawakuta miguuni mwa ng'ombe, maana ng'ombe akitembea anafanya kazi ile ile ya pivoti, anafukuza wadudu. Korongo weupe na vipanga weupe wanaopekua majani wanafika mpaka nyika za Serengeti. Mbwigu wa mkia mwekundu wanashinda baridi yao kwenye vichaka vya Kenya na kaskazini ya Tanzania. Keremkerem na wale wa buluu wa Ulaya wanakwenda mbali zaidi, kusini kabisa.

Yule ambaye kwenu ni wa pwani na kwetu ni wa pwani, na hana habari na mashamba, ni ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene anayekula kaa. Anataga kwenye visiwa na pwani za Bahari ya Arabuni, Omani ikiwemo, ndani ya mashimo anayochimba mchangani, na baridi ikiingia wengine wanakwenda kushinda kwenye mafuo ya Afrika Mashariki. Maji yakitoka, tazama mwambani. Huyo nimemtaja kwa kuwa sikuweza kumwacha.

Na si ndege tu wanaotoka huku kuja huko. Mnakumbuka nzige walioingia Kenya mwisho wa 2019 na kuharibu mwaka wote wa 2020? Chanzo chake kilikuwa huku huku. Mei 2018 kimbunga Mekunu kilipiga Dhofar, kikajaza maji mabonde ya Robo Tupu, lile jangwa kubwa la mchanga, ambayo hayajui maji. Oktoba mwaka huo huo kikafuata kimbunga Luban. Mchanga ukaota majani, nzige wakazaana kizazi juu ya kizazi mahali pasipo na mtu wa kuwaona, wakavuka Yemen, wakavuka Pembe ya Afrika, mpaka kwenu bara. Korongo mweupe nzige ndiye chakula chake anachokipenda, lakini wingi ule hata korongo wote wa dunia wasingeumaliza.

*Ami, nimekuambatishia picha niliyopiga ukingoni mwa shamba la majani. Ndege wa kahawia hivi, miguu mirefu, kichwa cheusi, anakimbia anasimama. Rafiki yangu anasema ni yule adimu wa Kazakhstan. Mimi nasema ni wa kawaida. Tumewekeana chakula cha mchana.*
— Mpiga Picha, Saham

Chakula unalipa wewe.

Nieleze nilivyoamua, maana swali hili mnaniletea wengi na mara nyingi jibu huwa kinyume chake. Batina na mashamba yote ya pwani wamejaa ndege wa jamii hii mwenye kinyama chekundu mbele ya jicho na miguu ya manjano, mpiga kelele, ukimkaribia anatangaza mtaa mzima. Huyo ndiye wa kawaida. Yuko na mwingine wa baridi mwenye miguu mirefu sana ya manjano, uso mtupu usio na alama, mkia mweupe wote. Anapenda kusimama ndani ya maji.

Wako hana kinyama chekundu. Miguu yake ni myeusi. Utosi mweusi, na juu ya kila jicho mstari mweupe unaozunguka mpaka mistari miwili ikakutana kisogoni, ukimtazama kwa nyuma inafanya herufi V. Picha yako ya tatu, ile aliyogeuka, ndiyo iliyomaliza ubishi. Kama angeruka ungeona bawa la rangi tatu zilizopangwa: kahawia mwilini, nyeupe katikati, nyeusi nchani. Ni *Vanellus gregarius*.

Mwendo wake nao ni ushahidi. Anakimbia hatua chache za haraka, anasimama kama amesahau alilofuata, anainamisha mwili wote mbele kwa pamoja, anadokoa, anasimama tena. Anapenda majani mafupi yaliyokatwa juzi au ardhi iliyolimwa, si majani marefu. Ndiyo maana huyu umemkuta ukingoni.

Ndege huyu anataga kwenye nyika za Kazakhstan na sehemu za kusini mwa Urusi, tena anapenda pale mifugo ilipokula majani yakawa mafupi. Baridi ikija wanagawanyika. Wengine wanapita magharibi, Uturuki, Syria, Iraki, hadi Saudia na Sudan. Wengine wanashuka mashariki kwenda Pakistan na India ya kaskazini magharibi. Omani tunapata wachache, baridi baada ya baridi, na karibu wote mashambani. Kwenye orodha ya kimataifa yuko daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Mwaka 2007 watafiti walikuta zaidi ya 3,200 mahali pamoja kusini mashariki mwa Uturuki, na habari hiyo ilifurahisha watu wengi waliodhani wamebaki mamia tu. Furaha ilikuwa ya haki, lakini haikumaanisha hatari imekwisha. Kinachowamaliza zaidi ni bunduki njiani, maana wanasafiri makundi, na kundi lililosimama kwenye uwanja mtupu ni shabaha rahisi.

Kwa hiyo ombi: picha isambaze, mahali usitaje. Sema "Batina" inatosha. Mwenye shamba mwambie uso kwa uso nini anacho. Nimeona wasimamizi waliokuwa hawajui, wakishajua wanawaagiza vijana wa trekta wazunguke pembeni.

*Mheshimiwa, wewe unawasifu tu hawa ndege. Mimi nina shamba dogo la mtama na ngano karibu na Ibri, pamoja na ngamia. Wanakula nafaka yangu. Nipe dawa ya kuwamaliza.*
— Mkulima

Ndugu yangu, tuanze na mhalifu ni nani. Nafaka yako inaliwa na shomoro, tetere na njiwa, na hao ni wenyeji, hawakutoka Siberia. Kaa asubuhi moja uhesabu midomo: mdomo mfupi mnene ni wa punje, mdomo mwembamba ni wa wadudu. Wageni wengi wa baridi ni midomo myembamba. Hao wanakula viwavi ambao usingewaona mpaka wamekwisha toboa majani. Wapo kwezi wa waridi, mwili wa rangi ya waridi na kichwa cheusi, wanaofika makundi. Hao siwatetei kwa kila kitu, matunda wanayapenda. Ila panzi na nzige wanawapenda zaidi.

Kwa shamba dogo, wavu. Ni gharama ya mara moja, na uufunge mpaka chini, maana shomoro anaingia kwa miguu. Mtama unapoanza kukauka weka mtoto wa kupiga debe asubuhi na jioni, zile nyakati mbili za hatari, si siku nzima. Kama una nafasi ya kuvuna pamoja na jirani zako wiki moja, fanyeni. Shamba linalobaki peke yake ndilo linalolipa deni la wote.

Dawa sikupi. Kwanza sheria: Amri ya Kifalme namba 6 ya mwaka 2003 inakataza kuua, kuwinda na kukamata wanyama na ndege waliolindwa, na hutapata sumu inayochagua. Pili, sumu ya panya na ya wadudu haiishii kwa panya na wadudu. Panya aliyelewa sumu anatembea ovyo mchana, kipanga anamchukua, na kipanga huyo alikuwa anakumalizia panya bure.

Na kwa kuwa umetaja ngamia: mnyama akifa muda mfupi baada ya kudungwa diklofenaki, ile dawa ya maumivu, usimtupe jangwani. Tumbusi na tai wa nyika wanakula mzoga, na dawa hiyo inaua figo zao. India, Pakistan na Nepali tumbusi walikwisha karibu wote kwa sababu hiyo, mpaka mwaka 2006 serikali zikaizuia kwa mifugo. Mfukie. Mwambie daktari wa mifugo akupe meloksikamu badala yake.

*Ami, swali langu si zuri lakini naliuliza. Mashamba hayo ya Najd yanavuta maji ya chini ambayo hayarudi. Je, si aibu kufurahia ndege kwenye mduara unaomaliza maji ya wajukuu?*
— Mwanafunzi, Nizwa

Swali ni zuri, na mimi niliyekuwa nikiwasha hizo pampu sina pa kujificha.

Maji ya Najd ni ya zamani, yalijikusanya maelfu ya miaka iliyopita wakati mvua zilikuwa nyingine. Mvua za siku hizi zinaongeza kidogo sana. Batina tatizo ni la sura nyingine: watu walivuta maji matamu kupita kiasi, bahari ikaingia chini kwa chini kujaza nafasi, na visima vya karibu na pwani vikawa chumvi. Mitende ya watu ilikufa imesimama. Hilo si la kubishana, waulize wazee wa huko wakuonyeshe.

Lakini usidhani ndege ndio kisingizio cha mashamba. Hakuna mtu aliyechimba kisima kwa ajili ya korongo. Mduara upo kwa sababu ng'ombe na ngamia wanakula, na nchi inataka ngano yake. Ndege wamejipachika. Na wanajua kujipachua: nimeona mduara uliofungwa pampu, majani yakawa kahawia, na kabla mwezi haujaisha wamebaki wale wa kawaida wa jangwani tu, wanaojua kuishi bila sisi. Wageni walikuwa mduara wa pili.

Mimi nionavyo, kinachofaa kupiganiwa ni majani yanayokunywa maji mengi yapungue, na maji yanayotumika yatumike vizuri, vinyunyizio vishushwe karibu na ardhi badala ya kurushia upepo na jua. Miduara ikipungua, na ndege mashambani watapungua. Nakubali. Zamani walikuwa na mabonde yaliyoota majani baada ya mvua, na vidimbwi vya pwani, na vile bado vinahitaji kulindwa visifukiwe. Ukiniuliza fedha ya hifadhi iende wapi kwanza, nitasema kwenye khori, yaani vile vidimbwi vya pwani, na kwenye mabonde, si kwenye pivoti. Kutazama, hata hivyo, hakuvuti tone. Nenda ukatazame na daftari lako, andika tarehe, aina, na kama siku hiyo walikuwa wanakata au wanamwagilia. Miaka ikipita daftari hilo litasema mengi kuliko hasira yako na utetezi wangu.

*Shikamoo Babu. Nina miaka tisa. Ndege wa shambani wanalala wapi usiku? Baba hajui.*
— Mjukuu, Salalah

Marahaba mjukuu wangu. Baba hajui kwa sababu usiku naye amelala.

Wale wa mkia unaochezacheza wanaondoka jua likizama, wanakwenda kulala wengi pamoja kwenye matete au kwenye miti ya mjini, wakati mwingine mti ulio mbele ya duka lenye taa. Mkiwa Salalah jioni, sikilizeni mti unaopiga kelele. Yule anayesimama wima anaingia kwenye shimo, hata la panya. Vile vindege vya mchanga vinalala chini, kila kimoja kwenye kishimo kidogo cha udongo kilichokikwaruza, na asubuhi ukitazama vizuri utaviona vile vishimo na kinyesi kidogo ndani.

Wa ajabu ni wale vipanga wa mabawa marefu. Hawalali juu ya mti. Wanakusanyika jioni, wanazunguka zunguka, kisha mmoja mmoja anashuka ndani ya majani marefu na kulala chini kabisa. Kwa hiyo baba akiwa na gari karibu na shamba usiku, mwambie asikate katikati ya majani, na taa asizielekeze huko. Wewe kaa ndani ya gari robo saa kabla ya magharibi, dirisha wazi, uhesabu wangapi wameshuka. Uniandikie ni wangapi, na uchore mmoja. Usisahau kumchora kiuno cheupe kama ni jike.